Jogoo wa Sekela na Kabati la Vishikwambi

Haya, wewe uliyekaa hapo mbele! Umewahi kuifundisha simu kuwika?

Hujawahi? Sekela amewahi. Kaa vizuri, usimfinye mwenzako, usikilize.

Sekela anaishi Tukuyu, kwenye migomba mingi na mvua nyingi. Mvua ya huko haipigi hodi. Inaingia tu. Ta-ta-ta-ta juu ya bati!

Shuleni kwa Sekela kuna kabati. Ndani ya kabati kuna vishikwambi. Kishikwambi ni kama simu, ila kimenenepa.

Vyote vipya. Vyote bado vimevaa nailoni. Vyote vimelala fofofo.

Mara mojamoja Mwalimu Mkuu hufungua kabati. Watoto hurefusha shingo. Mwalimu Mkuu hupangusa vumbi, fu, fu, fu. Kisha husema:

"Visiguswe, visiguswe! Vitachakaa!"

Na kabati hufungwa. Kwacha!

Usidhani somo la kishikwambi halipo. Lipo, kila wiki! Mwalimu Mkuu huchora kishikwambi ubaoni, kwa chaki. Watoto hupanga mstari, hubonyeza ubao.

Bonyeza! Ubao kimya. Bonyeza! Ubao kimya. Vidole vyeupe pe!

"Mwalimu," akauliza Sekela, "mbona programu haifunguki?"

"Itafunguka ukiwa mkubwa," akasema Mwalimu Mkuu.

Sekela akamtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu ni mkubwa. Ni mkubwa sana. Na kwake pia haikufunguka.

Nyumbani yupo Shangazi Tusa. Shangazi Tusa amesomea kompyuta chuo kikuu. Cheti chake kipo ukutani, ndani ya fremu, kinameremeta. Kazi ndiyo haipo.

"Kila ofisi, 'Njoo na experience, uzoefu wa kazi!'" husema Shangazi Tusa. "Experience inauzwa duka gani, jamani? Nikanunue kilo mbili!"

Siku hiyo Sekela akamuuliza, "Shangazi, zile programu za kwenye simu zinaota wapi?"

"Hazioti, mwanangu. Zinatengenezwa na watu."

"Watu gani?"

"Wenye vidole. Hebu nione vyako." Shangazi akavitazama. "Hee! Vimejaa chaki! Kanawe, tuanze."

Sekela akanawa. Chubwi, chubwi! Wakaanza.

Shangazi akatoa simu yake. Kioo kimepasuka kama utando wa buibui, lakini simu inafanya kazi.

"Sikiliza kwanza," akasema. "Simu haijui kukisia. Haijui kusema, 'Aa, Sekela alitaka hivi.' Inafanya unachoiambia tu. Kwa hiyo:

Iambie hili, kisha hili, kisha hili!"

"Iambie hili, kisha hili, kisha hili!" akarudia Sekela.

"Unataka simu ifanye nini?"

Sekela akafikiri. Nje jogoo akapita, kifua mbele kama mwenyekiti.

"Iwike!"

Kwanza walichora kwenye karatasi. Huku juu, jogoo. Huku chini, kitufe chekundu cha kubonyeza.

"Sasa tupate sauti ya jogoo," akasema Shangazi.

Wakatoka nje. Sekela akamsogezea jogoo simu. "Jogoo, wika."

Jogoo akanyamaza.

"Jogoo, tafadhali."

Jogoo akageuka, akaonesha mkia.

Wakaondoka. Walipofika mlangoni tu, nyuma yao: KOKORIKOOO!

"Ana dharau huyu!" akasema Shangazi. "Wika wewe mwenyewe, Sekela."

Sekela akavuta pumzi. Akapanua mdomo. "Kokorikoooo!" Simu ikaidaka sauti, nyaku!

Sasa kazi yenyewe. Kwenye simu ya Shangazi maagizo yamo ndani ya vibao vya rangi. Unavipanga kimoja juu ya kingine, kama matofali.

Sekela akapanga kibao cha kijani: kitufe kikibonyezwa. Akapanga cha bluu: jogoo awike. Akaona haitoshi. Akaongeza cha njano: rudia.

"Umemaliza?" akauliza Shangazi.

"Nimemaliza!"

"Una hakika?"

"Shangazi, nimemaliza!"

"Haya. Bonyeza."

Sekela akabonyeza. Kokoriko!

Akaruka juu. Shangazi akaruka juu. Programu inawika!

Kokoriko! Kokoriko! Kokoriko!

"Basi, inatosha," Sekela akaiambia simu.

Kokoriko! Kokoriko!

Baba alikuwa amelala usingizi wa mchana. Akaamka, akavaa buti, akabeba jembe. "Kumekucha!"

Bibi akaanza kuwasha moto wa chai ya asubuhi.

Kokoriko! Kokoriko!

Na yule jogoo wa kweli? Alikuja mbio, manyoya yamesimama. "Nani anawika nyumbani kwangu?" Akaidonoa simu. Ngo! Ngo! Ngo!

"Simu imeharibika!" akalia Sekela. "Haisikii!"

"Inasikia mno," akasema Shangazi, akiizima. "Uliiambia iwike. Uliiambia irudie. Ukaiambia inyamaze lini?"

Sekela akafikiri. Akafikiri tena.

"Sikuiambia."

"Ehee! Kukosea siyo dhambi. Kila fundi wa programu hukosea, kisha hutengeneza. Tusemeje?"

"Iambie hili, kisha hili, kisha hili!"

Sekela akarudi kwenye vibao vyake. Kitufe kikibonyezwa. Jogoo awike mara tatu. Kisha, anyamaze.

Bonyeza! Kokoriko! Kokoriko! Kokoriko!

Kimya. Kimya kitamu.

Baba akarudisha jembe, akarudi kitandani akinung'unika.

Kesho yake Sekela akawasimulia wenzake darasani.

"Mwongo wewe!" akasema Lugano, kijana wa dawati la nyuma. "Mtoto hatengenezi programu. Programu zinatoka Ulaya, kwenye maboksi!"

"Nimetengeneza!"

"Tuoneshe basi."

Sekela hakuwa na cha kuonesha. Simu ya Shangazi ilikuwa nyumbani, ikisubiri kupigiwa na ofisi alizoomba kazi.

"Mwo-ngo! Mwo-ngo!" wakaimba watoto.

Macho ya Sekela yakajaa maji. Akalitazama kabati. Ndani ya kabati jogoo wake angeweza kuwika. Kishikwambi kimoja tu!

"Mwalimu, naomba kimoja."

"Visiguswe, visiguswe! Vitachakaa!"

Kwacha!

Asubuhi iliyofuata Sekela hakwenda shule peke yake. Alikwenda na Shangazi Tusa. Mvua ta-ta-ta, mwavuli mmoja, miguu minne.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu," akasema Shangazi.

"Marahaba. Karibu, binti."

"Mwalimu, tunaomba kishikwambi kimoja. Mtoto ametengeneza programu, anaitwa mwongo."

Mwalimu Mkuu akashika funguo mfukoni. "Binti yangu, hivi nimekabidhiwa. Kikivunjika, nitasema nini mimi?"

"Na visipofundisha mtoto hata mmoja, utasema nini?"

Mwalimu Mkuu akakohoa. Akatazama dari. Dari halikumsaidia.

"Mimi naviweka vibaki vipya!" akasema. "Ona mwenyewe!" Akafungua kabati, akatoa kimoja, akakibonyeza ndani ya nailoni yake.

Kimya.

Akabonyeza tena. Akakitikisa. Akakipulizia, fuu!

Kimya.

"Kimekufa?" akanong'ona Mwalimu Mkuu. Maskini, sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

"Kina njaa, Mwalimu," akasema Sekela. "Tangu kije hakijala umeme."

Wakakivua nailoni, chwara! Wakakichomeka kwenye umeme. Darasa zima likazunguka, pua juu ya pua.

Wakasubiri. Wakasubiri.

Ting! Kioo kikawaka.

Shangazi akaituma programu kutoka kwenye simu yake. Fyuu, ikaingia ndani ya kishikwambi. Jogoo akatokea. Kitufe chekundu kikatokea.

Sekela akakisogelea. Je, ikigoma? Je, wakimcheka tena?

Akanyoosha kidole. Bonyeza!

Kokoriko! Kokoriko! Kokoriko!

Kimya.

Kisha darasa zima: "KOKORIKOOOO!"

Lugano akakigeuza kishikwambi, akachungulia nyuma, hakuona jogoo.

"Ni sauti yako kweli," akasema. "Samahani, Sekela. Nifundishe na mimi."

"Kanawe vidole kwanza," akasema Sekela.

Mwalimu Mkuu akajongea. "Hebu nijaribu. Mara moja tu." Bonyeza! Akacheka mpaka tumbo likaruka. "Mara moja nyingine." Bonyeza! "Ya mwisho, jamani." Bonyeza!

"Mwalimu!" watoto wakapiga kelele. "Visiguswe, visiguswe! Vitachakaa!"

Siku hiyo hakuna aliyebonyeza ubao. Walikaa chini na kishikwambi kimoja. Huyu akatengeneza paka, nyau. Yule akatengeneza mvua, ta-ta-ta. Lugano akatengeneza ng'ombe, akasahau kumwambia anyamaze.

Lakini kishikwambi kilikuwa kimoja, na watoto walikuwa darasa zima. Kengele ikalia, wengine hawajapata zamu.

"Na vingine, Mwalimu?" akauliza Sekela.

"Vingine nasubiri kibali cha wakubwa wa ofisi ya elimu. Na mwalimu wa kompyuta, niliomba zamani tuletewe. Wanasema subiri."

Shangazi Tusa akaguna, "Mmh!" Mguno mrefu kama barabara ya Mbeya.

Jioni Sekela alikunywa uji, akapanda kitandani. Blanketi mpaka kidevuni. Mvua imepungua, ta... ta... ta.

"Shangazi, hao wakubwa wa ofisini wanasikia?"

"Masikio wanayo, mwanangu. Makubwa tu."

"Basi kesho darasa zima tutatengeneza kitufe kingine. Tutaweka sauti zetu zote, kisha tutawapelekea wakibonyeze."

"Kitasema nini?"

Sekela akaketi kitandani, akasema. Nawe unayesikiliza, sema naye, kwa sauti, wasikie mpaka ofisini:

"Ninyi wakubwa! Fungueni kabati! Vyote vitoke, leo! Na Shangazi Tusa mpeni kazi, atufundishe!"