Chana Si Kumi

Elifuraha alimaliza kukamua ng'ombe, akampa mtoto uji, kisha wakakaa barazani. Mtoto huyo, binti yake Kindness, alikuwa amevunjika mguu na kufungwa hogo la plasta. Shule iko mbali, na njia ni mteremko wenye utelezi. Kwa hiyo Kindness alisoma nyumbani, na mwalimu wake alikuwa mama yake.

Mwalimu mkuu alikuwa ametuma ujumbe: "Jumatatu mleteni apimwe hesabu. Akishindwa, atarudia darasa."

Neno hilo Elifuraha alilijua vizuri. Yeye mwenyewe aliwahi kurudishwa darasa. Alichapwa mbele ya ubao kwa hesabu za kutoa, wenzake wakicheka, na hakuna aliyemwonyesha alipokosea. Hakuna hata mmoja! Mwisho akaacha shule. Mpaka leo akiona chaki, viganja vyake hutoka jasho.

"Hamsini na mbili, toa ishirini na saba," alisema. Alipanga chini chana tano za ndizi, na ndizi mbili pembeni. "Kila chana ni kumi. Haya, andika."

Kindness aliandika 35.

"Umepataje?"

"Saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu."

"Nani kakwambia utoe cha juu kwenye cha chini? Mbili haitoshi kutoa saba. Fungua chana!"

Kindness alinyofoa ndizi za chana moja. Akahesabu. Akaandika 29.

"Ishirini na tisa? Unanichezea?"

"Mama, nimehesabu kweli."

"Na Jumatatu utawaambia hivyo hivyo?"

Mkono wa Elifuraha ulipanda wenyewe, umeshika mwiko aliokorogea uji. Kindness alijikunja na kufunika kichwa. Elifuraha akauona mkono wake hewani. Ulikuwa mkono wa yule mwalimu wake wa zamani. Akaogopa kuliko alivyoiogopa Jumatatu.

"Mama Kindness! Weka chini mwiko huo!"

Alikuwa Salvina, jirani yao, mwalimu mstaafu. Alikuwa anapita kando ya ua wa masale, mimea ya mpakani.

"Shikamoo, mwalimu." Elifuraha alishusha mwiko.

"Marahaba. Mwiko ni wa ugali, si wa hesabu. Mjukuu wangu, nieleze ulivyofanya."

Kindness alinong'ona, "Chana ilikuwa na ndizi kumi na nne. Na zile mbili, kumi na sita. Nikatoa saba, zikabaki tisa."

"Umehesabu sawasawa kabisa! Mama Kindness, kila siku unakata ndizi. Chana ya juu ya mkungu na ya mwisho zinalingana?"

"Mae!" Elifuraha alishtuka. "Hazilingani."

"Basi umempa mtoto kumi za uongo, halafu unataka kumpiga."

Elifuraha alikaa chini, uso ukimwaka.

Salvina alivunja vijiti. Akavifunga kumi kumi kwa kamba za mgomba. Yakawa mafungu matano, na vijiti viwili.

"Anza na mamoja, upande wa kulia. Mbili haitoshi kutoa saba. Fungua fungu moja. Sasa mamoja ni mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Toa saba."

"Tano."

"Iandike chini ya mamoja. Makumi yalikuwa matano, umefungua moja. Kata tano, andika nne juu yake, usije ukasahau. Nne toa mbili?"

"Mbili. Ishirini na tano!"

"Usiniamini mimi. Jumlisha ishirini na tano na ishirini na saba."

Kindness aliandika, akatabasamu. "Hamsini na mbili!"

"Nisamehe, mwanangu," alisema Elifuraha. "Nilikuwa naogopa." Kisha akamgeukia Salvina. "Mwalimu, nifungulie na mimi fungu moja. Sikuwahi kuonyeshwa."

Wakafanya wote, kila siku, bila mwiko karibu.

Jumatatu Elifuraha alimbeba Kindness mgongoni mpaka shuleni, magongo ya mtoto mkononi. Akasubiri nje ya darasa. Mlango ulipofunguliwa, Kindness alitoka na magongo yake, karatasi kaishika kwa meno.

"Sirudii darasa, mama! Ila moja nimekosa," alisema kwa sauti, kila mtu akisikia. "Nilisahau kupunguza kumi."

"Wapi?" Elifuraha aliinama. "Nionyeshe."

Na mtoto akamwonyesha.