Marahaba ya Mama Clotilda

Jumapili, saa 10:15 jioni

"Rudia," alisema Ghassan.

Seifu alikohoa, akaishusha sauti mpaka tumboni. "Marahaba, mwanangu. Ndiyo, ni mimi Humoud. Mhudumieni binti yangu."

"Polepole, bwana. Una miaka sabini na sita, na unaumwa. Unakimbilia wapi?"

Walikuwa wanne kwenye chumba cha nyuma cha duka la spea, Gerezani, wamekalia maboksi ya shokapu. Umeme umekatika, jasho linawatiririka. Ghassan ndiye mwenye duka na ndiye mwenye mpango. Heriel, Mchaga asiyeacha kufuta miwani, ni karani wa benki moja ya biashara pale Kariakoo. Halafu Zeina, na mdogo wake Seifu, ambaye kazi yake ya halali ni kutangaza bei za nguo kwa kipaza sauti Mtaa wa Kongo. Koo la Seifu si la kawaida. Akitaka anakuwa mtoto, akitaka anakuwa bibi kizee.

Mpango ulikuwa mfupi. Akaunti ya mzee Humoud imelala miaka sita. Mzee mwenyewe kafia Muskati, benki haina habari. Heriel ameshaiamsha ile akaunti na kubadilisha namba ya simu ya mzee, na simu yenyewe iko mfukoni mwa Seifu. Kesho Zeina anaingia benki kama bintiye, na hati ya kughushi, kuhamisha milioni mia tatu na themanini. Hela nyingi hivyo haziondoki mpaka benki impigie mwenye akaunti.

"Anayepiga ni Jacqueline," alisema Heriel. "Binti mdogo, ana heshima zake. Atakuamkia. Unaitikia marahaba, unathibitisha, kwisha kazi."

"Na kikinuka?" Zeina aliuliza.

"Kikinuka nakufuata mwenyewe," Ghassan alisema. "Wallahi, nakutoa mlangoni kwa mkono wangu."

Seifu aliliamini neno hilo, maana alikuwa hana budi. Mama yao alikufa yeye ana miaka saba, Zeina kumi na sita. Zeina ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemfundisha adabu, tena kwa makofi: mtu mzima akipita hujamwamkia, leo huli. Duniani Seifu alikuwa anaogopa kitu kimoja tu, kumpelekea dada yake chakula jela ya Segerea.

Jumatatu, saa 3:38 asubuhi

Zeina alikuwa mlangoni anafunga mtandio. Simu ya Ghassan ikatetemeka. Ghassan akasoma, akailaza kifudifudi juu ya boksi.

"Nani?" Seifu aliuliza.

"Mteja. Anataka gia boksi."

Zeina alimnyoosha mdogo wake kola. "Leo usinitie aibu, sawa?" Akatoka.

Saa 4:12

Zeina alikuwa ndani ya benki. Simu yake imezimwa, ndiyo sheria ya benki ukifika kaunta. Kuanzia hapo hakuna wa kumwambia kitu. Seifu alizunguka chumba. Akakaa. Akainuka tena.

"Tulia wewe," Ghassan alifoka. "Unanitia wazimu."

Saa 4:26

Simu ikaita. Ghassan akaweka spika.

"Haloo," alisema Seifu kwa sauti ya mzee.

"Benki hapa, Kariakoo. Naongea na mzee Humoud?"

Haikuwa sauti ya binti. Ilikuwa ya mama mtu mzima, nzito, haina haraka.

"Ndiyo mimi."

Kimya.

Yule mama hakuamkia. Hakuuliza hali. Alitulia tu, anapumua. Seifu aliingoja shikamoo yake, ile aliyoifanyia mazoezi wiki nzima, na haikuja. Sekunde moja. Mbili. Tatu. Kimya kile kilimkereketa jamani! Mtu mzima yuko kwenye simu na hajaamkiwa. Ulimi ukatoka wenyewe.

"Shikamoo, mama."

Lo! Mzee wa miaka sabini na sita anamwamkia mfanyakazi wa benki.

"Marahaba," mama alijibu, taratibu kabisa. "Binti yako yuko hapa. Tumhudumie?"

"Mhudumieni."

"Haya. Ugua pole, mzee."

Ikakatika. Ghassan alikuwa ameshasimama. Alichomoa laini, akaivunja vipande viwili.

"Labda hajashtuka," Seifu alisema.

"Asishtuke nani? Mama Clotilda yule! Tuondoke."

Seifu akaganda. "Umemjuaje jina?"

Seifu akairukia simu ya Ghassan juu ya boksi. Ujumbe wa Heriel ulikuwa bado uko kwenye kioo, saa 3:38. *Jacqueline kapewa likizo ya lazima asubuhi hii. Wanatukagua. Anayepiga leo ni Mama Clotilda. Zeina asije. Mimi nishatoka.*

"Ulijua," Seifu alisema. "Dada alikuwa kasimama hapo hapo mlangoni, na ulijua."

"Ingeweza kupita. Na isipopita, aliyepo kaunta ni mmoja."

"Uliapa!"

"Gari liko nje. Panda, au baki na dada yako."

Saa 4:31

Seifu alikimbia. Alivuka barabara ya mabasi ya mwendokasi bila kutazama, honi zikamtukana. Akajipenyeza katikati ya mikokoteni ya Kariakoo, wapagazi wanapiga kelele, "Pisha! Pisha!" na yeye hapishi mtu. Kifua kilikuwa kinawaka moto. Kichwani alikuwa na sala moja tu: wasiwe wameshamfunga pingu.

Saa 4:39

Mlinzi wa benki alimpitishia kile kidude cha kukagulia. "Mambo?"

"Poa."

Ndani kulikuwa na baridi. Zeina alikuwa kwenye kiti, kapewa chupa ya maji, kaambiwa mtandao unasumbua. Karibu naye wanaume wawili wenye mashati ya kawaida walishika fomu ambazo hakuna aliyekuwa anazijaza.

Zeina akamwona. Macho yakamtoka. Akatikisa kichwa, kidogo sana: toka.

Na angeweza kutoka. Hakuna aliyemjua humo. Angeuliza chenji, akageuka, akapotelea Mtaa wa Kongo, mpaka leo asingejulikana. Lakini aliona mkono wa dada yake umeikamata ile chupa. Mkono ule ule uliompiga makofi, uliompikia uji.

"Nikusaidie nini, kijana?"

Nyuma ya meza alikaa mama mfupi, miwani inaning'inia kwa mkufu shingoni, kitenge kimenyooka. Seifu alimsogelea. Alishusha sauti mpaka tumboni, akawa na miaka sabini na sita.

"Shikamoo, mama. Nimemfuata binti yangu."

Wale wawili waliangusha fomu. Mama Clotilda aliwazuia kwa kiganja.

"Marahaba," alisema. "Hizi simu napiga mwaka wa thelathini na moja sasa. Siku nikiwa na wasiwasi sianzi kusalimia. Nasubiri."

Seifu alirudi kwenye sauti yake mwenyewe. Ilikuwa nyembamba, ya kitoto. "Dada kaingizwa tu, mama. Sauti ni yangu. Mwenye mpango yuko njiani anakimbia, nakutajieni gari na namba yake. Mwacheni dada."

"Mtaje. Kumwacha si juu yangu, mwanangu, nisikudanganye."

Alitaja yote. Mmoja wa wale wanaume akaandika, akatoka mbio na simu sikioni. Wa pili akatoa pingu. Mama Clotilda alikuwa bado anamtazama Seifu, na usoni hakuwa na furaha hata kidogo.

"Adabu hii," aliuliza, "nani kakufundisha?"

Seifu aliinua mikono, tayari imefungwa, akaonyesha kwenye kiti.

"Yule pale," alisema, na Zeina akajifunika uso kwa mtandio.