Kiti cha Rubani

Hebu tulia kidogo, uwazie kiti. Si kiti cha sebuleni. Ni kiti cha bati jepesi kilichopindwa kama bakuli, na mgongo wake umefunikwa ngozi iliyopasuka. Kiko ndani ya ndege ndogo, na ndege hiyo iko ndani ya banda la mabati nyuma ya ploti ya Muigai, pale Kabiro, Kawangware. Ni saa kumi alasiri, mwaka wa sabini na sita. Banda limefungwa kwa kufuli tangu Jumapili iliyopita, na ufunguo ni mmoja tu. Sasa nyosha mkono uguse ngozi ya kiti hicho. Ina joto. Si joto la jua, kwa sababu kila kitu kingine mle ndani ni baridi. Ni joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Mwalimu Wacera ndiye aliyekigusa kwanza. Akauondoa mkono haraka na kuufuta kwenye sketi.

"Nani alikuwa amekaa hapa?" akauliza.

"Nani atakaa na ufunguo ninao mimi?" Muigai akajibu.

"Mwalimu, labda ni kuku wa Gachanja," akasema Phanuel, na mkewe Kavetsa akacheka. "Hao wameishi ndani ya hii ndege kuliko sisi. Bado wanadai nyumba yao."

Kweli kuku walikuwa wameishi humo. Ndege hiyo ilianguka mwaka wa hamsini na nne, wakati wa hali ya hatari, katikati ya mahindi ya baba yake Muigai. Rubani alikuwa kijana wa Kizungu, naye alifia ndani yake. Askari walichukua maiti na injini, wakaacha bati. Wenyeji nao wakagawana bati hilo. Bawa moja likawa paa la kuku wa Gachanja. Mlango ukawa hori la nguruwe. Rafadha, lile panga la mbele linalokata hewa, Ng'ang'a mwenye nyumba za kupangisha aliitundika uwanjani mwa kanisa, ikawa inagongwa kwa nondo kuwaita watu kwenye ibada.

Baada ya miaka ishirini na miwili, watu wanne walianza kuvikusanya vipande hivyo. Hakuna aliyewatuma. Muigai alikuwa fundi wa ndege katika kiwanja kimoja kidogo upande wa pili wa Kibera. Wacera alifundisha watoto wa shule ya chekechea. Phanuel, mpangaji wa Muigai, alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na Kavetsa alikuwa na cherehani yake barazani. Kila Jumapili baada ya kanisa walikutana bandani. Wacera alikuwa amewaahidi watoto wake kwamba Jumatatu ya wiki iliyofuata watakuja kupanga foleni, na kila mmoja atakaa katika kiti cha rubani.

Muigai aliweka sheria moja tu: kila kitu kirudi kama kilivyokuwa siku ile. Palipopinda paachwe pamepinda. Palipoungua pasipakwe rangi. Phanuel, ambaye maisha yake yote yalikuwa kunyoosha vilivyopinda, aliona shida sana.

Shida kubwa ilikuwa kifungo cha mkanda wa kiti. Muigai alikitoa mwenyewe kwenye sanduku lake la nyumbani, kimefungwa kwa kitambaa. Kilikuwa cha chuma, na ulimi wake umepindia ndani.

"Fundi, hii nikiipiga nyundo mara mbili inakuwa sawa," akasema Phanuel.

"Usiipige."

"Lakini ikishika haitaachia, mzee."

"Nimesema kama ilivyokuwa." Muigai hakuinua macho. "Nitaipaka grisi."

Utepe wa mkanda ulikuwa umeungua wote, kwa hiyo Kavetsa alishona mpya kwa turubai ya lori. Alipitisha mishono mitano, mmoja kando ya mwingine. "Huu hata ng'ombe hakati," akasema kwa fahari, na mumewe akamtania afunge mdomo kabla hajafungwa yeye kwa mkanda huo.

Jumapili hiyo Ng'ang'a aliileta rafadha kwa mkokoteni, akinung'unika njia nzima kwamba sasa waumini wataitwa kwa filimbi kama wachezaji mpira. Muigai na Phanuel waliikaza kwa bolti kwenye pua ya ndege. Nyuma ya pua hiyo hapakuwa na kitu. Pale palipokuwa injini palikuwa na nafasi tupu na majani makavu ya kuku.

"Haya, ruka basi!" Ng'ang'a akasema, akalipiga panga lile kofi kama mtu anavyompiga punda.

Harufu ya petroli ikaja kwanza. Wote waliisikia. Kisha rafadha ikazunguka robo, polepole, ikasimama. Ng'ang'a akacheka, akaishika kwa mkono wa kulia ili aizuie. Ndipo ikazunguka kweli. Ilizunguka mara moja tu, bila injini, bila upepo, kwa mlio mkubwa kama shuka linalopasuliwa, na mkono wa Ng'ang'a ukaenda nayo. Vidole vinne vilipiga bati la ukuta, kimoja baada ya kingine, kama mvua inayoanza. Yeye mwenyewe alibaki amesimama, ameinua kiganja, akikitazama kwa mshangao wa mtu aliyesahau alichotaka kusema, mpaka damu ikamrukia usoni akaanza kupiga kelele.

Walimpeleka hospitali. Muigai aliwaambia watu kwamba bolti ilikuwa haijakazwa.

"Bolti haizungushi kitu," Kavetsa akamnong'oneza mumewe usiku huo. "Phanuel, mimi naenda Kibera. Namwita Mama Nereah."

"Yule mwombezi wa kanzu nyeupe? Muigai atatufukuza kwa ploti."

"Atufukuze tukiwa na vidole."

Jumamosi, Phanuel alikuwa bandani pamoja na Muigai na Mwalimu Wacera. Kazi iliyobaki ilikuwa kuujaribu mkanda kabla ya watoto kuja Jumatatu. Wacera alitaka kuketi yeye. Phanuel akamkataza, akasema kazi ya kuvunja kiti ni ya mwanamume mzito. Akaingia, akaketi, akauvuta mkanda kifuani. Alikuwa bado hajaugusa ulimi wa kifungo. Uliingia wenyewe.

"Eh," akasema. "Mzee, hii imeshika."

Muigai alibonyeza. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Mkanda ukajivuta kidogo, kama mtu anavyokaza mshipi baada ya kula.

"Mzee, inabana."

"Tulia, usijitikise."

"Sijitikisi!"

Ukajivuta tena, na safari hii walisikia ubavu wa kwanza ukivunjika, sauti ndogo kavu, na Phanuel akafungua kinywa lakini kilichotoka hakikuwa sauti yake: kilikuwa Kiingereza cha puani, cha kijana mdogo, chenye haraka na adabu, maneno yale yale yakirudiwa na kurudiwa, naye Phanuel alikuwa mtu ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa majina ya vipuri vya gari.

Wacera alielewa maneno yale. Uso wake ukaisha damu.

"Anasema nini?" Muigai akauliza, ingawa yeye pia alijua.

"Anasema, tafadhali kateni huu mkanda. Anasema anawaona mmesimama."

Kavetsa aliingia wakati huo huo pamoja na Mama Nereah, mwanamke mnene wa makamo aliyevaa kanzu nyeupe na kushika kengele ndogo. Kavetsa alipomwona mumewe aliurukia mkanda, akachomoa mkasi wake wa kushonea, akaukata mshono wake wa kwanza, na mkasi ukavunjika mkononi kama kijiti. Akauma uzi kwa meno, jino likatoka, akaendelea kuuma, damu yake ikimwagika juu ya shati la mumewe, na mishono ile mitano aliyoipitisha kwa fahari ilikuwa imara kama reli, na ubavu wa pili ukavunjika chini ya kidevu chake, na wa tatu, na petroli ambayo haikuwepo ikaanza kuchuruzika kutoka kwenye bati na kulowesha miguu yao.

Mama Nereah aligonga kengele mara moja, akasikiliza, akaacha.

"Hili wanaliita jini huko nje," akasema kwa sauti ya chini. "Si jini. Huyu ni mtu, na anaomba kitu kidogo sana. Nani kati yenu alikuwa hapa siku ile?"

Muigai aliendelea kubonyeza kifungo. Phanuel alikuwa ameanza kutoa povu jekundu.

"Nauliza mara ya mwisho. Nani alisimama hapa akiwa na kisu?"

"Panga," Muigai akasema. "Nilikuwa na panga. Tulikuwa tunapalilia." Alikuwa analia bila kujipangusa. "Tulikuwa watu tisa. Aliniangalia mimi kwa sababu mimi ndiye nilikuwa karibu. Baba akasema, ukimgusa akafa, askari watasema ni wewe umemuua, watatunyonga sote. Nikasimama. Moto ulianza miguuni. Ulichukua muda mrefu, mama. Ulipozima nikarudi nikachukua kifungo."

"Ulichukua cha nini?"

"Nione kama kingefunguka. Nilikijaribu usiku kucha. Hakikufunguka. Nikajiambia basi, hata ningejaribu..."

"Na panga lingekata?"

Muigai alikiachia kifungo. Kisha akasema, "Lingekata mara moja."

"Basi nenda ukakate," Mama Nereah akamwambia, kwa upole, kama anayemtuma mtu dukani.

Panga lilikuwa nyuma ya mlango. Muigai akalichukua, akapanda kwenye bawa, akalipitisha ubapa wake chini ya mkanda, kati ya turubai na kifua cha Phanuel. Hapo moto ukawaka. Ulianzia chini ya kiti, wa buluu, kisha wa njano, ukaushika mkono wa Muigai mpaka kwenye kiwiko, na ngozi ikakunjamana na kuteleza kama soksi, na kila aliyekuwa karibu alisikia nyama ikichemka, lakini hakuuondoa mkono, aliendelea kuvuta, mshono wa kwanza, mshono wa pili, akisema jambo moja tu kwa Kikuyu, nakuja, nakuja, na mshono wa tano ulipokatika Kavetsa na Wacera walimshika Phanuel kwapani wakamtupa chini kama gunia la viazi, wakamburuta mpaka nje.

Alikuwa hai. Mbavu sita zimevunjika, lakini alikuwa akipumua, na alipofungua macho alimwita mkewe kwa sauti yake mwenyewe.

Ndipo walipogeuka. Kupitia mlangoni walimwona Muigai ameketi. Hakuna aliyeona alivyoingia kitini. Ule mkanda uliokatwa ulikuwa umemzunguka kifuani mara mbili, ncha zake mbili zimeumana kama taya, na moto ulikuwa umefika magotini. Hakupiga kelele mwanzoni. Aliwatazama tu. Panga lilikuwa limeanguka kizingitini, mpini ukiwaelekea.

Watu walikuwa wamejaa uani. Moshi uliwatoa nyumbani, dukani, kwenye foleni ya mfereji wa maji. Wapangaji, wenye ploti, wanawake wenye watoto mgongoni na madebe kichwani. Gachanja alikuwepo. Ng'ang'a alikuwepo, mkono umefungwa bendeji. Kavetsa, kinywa chake kikitoka damu, mikono yake imeungua hata vidole havikunjiki, alipiga magoti pale penye panga akijaribu kulishika, na lilimponyoka, na lilimponyoka tena.

"Lishikeni panga!" akalia. "Jameni, si mumkatie! Ni Muigai! Ni fundi Muigai!"

"Moto ni mkali," mtu mmoja akasema.

"Ni petroli hiyo. Italipuka."

"Ni jini. Ukimgusa linakushika wewe."

"Ngojeni askari waje. Wasiseme ni sisi."

Mama Nereah aliwapita wote, akamnyang'anya mwanamke mmoja debe la maji, akakimbia nalo akalimwaga kitini. Moto ukalala kidogo, na uso wa Muigai ukaonekana, naye akasema waziwazi, kwa Kiswahili, "Tafadhali. Kateni." Mama Nereah alipogeuka kutafuta debe la pili, watu walikuwa wamerudi nyuma hatua tatu.

Ilichukua muda mrefu.

Siku ile ile jioni walilivunja banda. Vipande vya ndege vilitupwa mbali, kila kimoja mahali pake, kingine hadi mtoni upande wa Gatina. Wacera aliwaambia watoto wake kwamba hakuna ndege. Phanuel na Kavetsa walihamia Kibera, karibu na Mama Nereah. Hawakuwahi kuota ndoto mbaya, wala kunusa petroli.

Wale waliosimama uani ndio wanaoinusa. Wanasema huanza jikoni, mchana kweupe, watu wakiwa wamekaa kula. Kisha huja sauti mbili, moja ya Kizungu na moja ya Kikuyu, zinazoomba kwa adabu, na mtu aliye karibu zaidi na kisu huanza kubanwa kifua. Gachanja alipatikana kitini pake, mbavu zote zimeingia ndani, mbele ya sahani ya githeri iliyokuwa bado moto. Ng'ang'a alifuata. Watu wa Kabiro wameita wachungaji, wameita waganga, wameita hata shehe mmoja kutoka mjini, na wote hao wamewajibu kwamba hakuna jini la kufukuza.

Mimi sikuombi uogope. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu, taratibu, utakapokuwa peke yako: madebe yale, uani pale, yalikuwa yamejaa maji.