Wageni wa Torakichi

Asubuhi hiyo Torakichi alikuwa barazani akimenya matunda ya kaki ya kuanika, jua la vuli likimpiga mgongoni. Vita vilikuwa vimekwisha, na pale kisiwani watu walishaanza kucheka tena. Fusae, mjane wa jirani, akaja hadi upenuni na kusema kwa sauti ndogo, "Kaka Tora, Genichi amerudi."

Torakichi akaacha kumenya.

Genichi, mume wa Fusae, alikuwa mchochea tanuri wa Kiyotaki Maru, meli iliyobeba mbao na maharage mpaka jeshi la majini lilipoitwaa, likaipaka rangi ya kijivu na kuifungia mzinga. Torakichi alikuwa serahangi wa meli hiyo, msimamizi wa mabaharia. Siku ilipopigwa kombora maji yalivamia chini, naye akaufunga mlango wa chuma wa chumba cha tanuri ili meli isizame. Ikazama vilevile. Alimwambia Fusae kwamba mumewe alikufa papo hapo, hata hakuumia. Tangu hapo mama huyo humletea viazi vitamu kila mavuno, kwa shukrani. Havijawahi kumpita kooni vizuri.

"Yuko kabatini," Fusae alisema njiani. "Anagonga tu. Nikitaka kufungua ananikataza. Anasema afungue aliyefunga."

Torakichi akaendelea kupanda.

Nyumba ilikuwa kimya. Kisha kabati la magodoro likagongwa. Polepole. Kwa ngumi iliyochoka. Aliijua sauti ile; aliwahi kuisikia kupitia chuma, mikono yake ikiwa bado kwenye komeo.

Akafungua.

Hapakuwa na mtu. Maji yakamwagika mikekani, ya uvuguvugu, yakinuka makaa. Na nyumba ile iko juu kilimani.

Fusae aliyatazama maji. Hakulia. "Alikuwa hai ulipofunga?"

"Alikuwa hai. Wote walikuwa hai. Waliniita kwa jina."

Fusae akachukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kufuta. Torakichi alipoinama kumsaidia, akausukuma mkono wake taratibu. "Nenda kwako, kaka. Yeye ameshatoka."

Alishuka kilima akijishikiza kwenye kuta. Mkewe, Kinu, alimpokea mlangoni amenuna. Akamnong'oneza kwamba ni aibu kualika watu bila kumwambia, wangekula nini?

"Watu gani?"

"Wenzako wa melini. Wamelowa, maskini. Hawasemi. Nimewapa chai chumba cha nyuma, wakajifungia."

Torakichi akauvuta mlango wa karatasi wa chumba hicho. Chumba kilikuwa kitupu, mikeka mikavu. Vikombe vilikuwa vimepangwa duara, vyote vimeshanywewa. Kimoja tu kilikuwa bado kimejaa, kikifuka mvuke, mbele ya mto wa kukalia ambao hakuna aliyeukalia.

Ndani ya vile vitupu kulikuwa na masizi meusi ya makaa. Kinu alivisugua siku hiyo, na siku zilizofuata, kwa majivu na kwa mchanga.

Hayakutoka.