Nguzo Iliyovishwa Mbao

Curtis Haugen alikuwa ameegemea usukani wa pikapu yake, kifua kimebonyea, macho wazi. Mkanda hakuufunga. Mbele ya gari palikuwa pamejikunja kuizunguka nguzo ya sanduku la barua la Lowell Brekke, kando ya barabara mbele ya nyumba yake, na nguzo yenyewe haikuinama hata kidogo.

Hilo ndilo lililomtia shaka Inspekta Marlys Tollefson.

Barabara nzima iliujua utani wa wale wawili. Tangu ujana wao, ziwa likishaganda na watu wakaanza kuvua kwenye barafu, Curtis hupita na pikapu, akaiangusha nguzo ya Lowell, akapiga honi na kwenda zake. Ikifika Mei humletea nguzo mpya ya mbao, wakaisimika pamoja huku wakitukanana na kunywa kahawa.

Marlys alichutama, akabandua ubao uliopasuka. Ubao ulikuwa wa zamani, umepauka kwa mvua, lakini skrubu zake zilikuwa mpya. Ndani yake palikuwa na bomba la chuma, nene kama paja, limejazwa zege.

Lowell alimkaribisha jikoni, akammiminia kahawa. Kanisani walikuwa wakikaa benchi moja. Marlys alikishika kikombe bila kunywa.

"Pole kwa rafiki yako."

"Asante."

"Ile nguzo umeiweka lini?"

"Wiki iliyopita. Greda la kusukuma theluji barabarani lilivunja ile nyingine. Nimechoka kusimika vijiti kila mwaka, Marlys."

"Shimo ulichimba mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mgongo mpaka leo unanisema."

Marlys akaweka kikombe chini. "Lowell, wiki iliyopita ardhi ilikuwa ngumu kama hii meza. Hata maiti tunazihifadhi mpaka theluji iyeyuke ndipo tuzike. Nguzo ikivunjika Januari, mtu hapa anasimamisha sanduku lake kwenye ndoo ya mchanga. Wewe mwenyewe hufanya hivyo."

Lowell alitazama dirishani.

"Uliichimbia kabla ardhi haijaganda," Marlys alisema. "Ukaivisha mbao za ile ya zamani asiitambue. Ukamsubiri."

Mzee yule alivuta droo ya meza, akatoa kibati chekundu, kile kibendera ambacho mtu hukiinua kwenye sanduku akiwa na barua ya kutuma. Kilikuwa kimechorwa ndege kwa mkono. Marlys aliujua mkono ule. Ulikuwa wa Inga, mke wa Lowell, aliyekuwa akiwachorea ndege watoto wa shule ya Jumapili.

Inga aligongwa pale pale penye sanduku, majira ya baridi ya miaka sita nyuma, na gari halikusimama. Marlys ndiye aliyepeleleza. Kibendera hakikuonekana. Aliyemgonga pia hakuonekana.

"Umekipata wapi?"

"Bandani kwa Curtis, Septemba. Aliniambia nikachukue msumeno. Kilikuwa kimenasa kwenye bampa kuukuu, chini ya turubai." Sauti yake haikupanda. "Alikuja kufanya utani wetu. Theluji ilikuwa inapeperuka, hakumwona. Hilo ningemsamehe. Lakini alimwacha pale, akiwa bado anapumua. Halafu akaja kunishika mkono kanisani. Jeneza akabeba. Mwaka uliofuata akaangusha nguzo, akapiga honi, nami nikacheka. Nilicheka naye, Marlys."

"Ungeniletea mimi kibati hiki."

"Wewe ndiye uliyelifunga jalada."

Marlys alikitia kibendera kwenye mfuko wa vielelezo, akamngoja Lowell avae koti na glavu, kisha akamfunga pingu kwa mbele, taratibu, kama mtu anayemfunga mgonjwa bandeji.

Walipofika mlangoni Lowell alisimama.

"Mimi sikumgusa. Kila asubuhi nilimwomba Mungu ampitishe salama. Angeona haya mara moja tu, akaiacha nguzo mahali alipofia Inga, angekuwa hai."