Jina la Kezia Lugg

Karatasi ya kwanza Bi Hilary Thurlow aliicheka. Aliikuta kwenye kisanduku cha mlangoni mwa kanisa la Long Sallow, ambamo wageni waliomaliza matembezi ya fumbo hutumbukiza jina la muuaji. Jibu sahihi lilikuwa Kezia Lugg. Karatasi ilisema Hilary Thurlow.

Kufikia Jumapili zilikuwa kumi na tisa, kila moja na mwandiko wake.

Matembezi hayo aliyabuni mwenyewe. Unachukua kijitabu, unafuata vidokezo kwa miguu, vijiji vitatu, vituo sita, mpaka ujue nani alimlisha fundi viatu mkate wa sumu. Uongo mtupu. Ila jina la muuaji alilitoa kwenye jiwe la kaburi, kwa uvivu tu, kwa kuwa lilisomeka vizuri na mwenye jina kafa zamani, nani angelalamika? Basi kiangazi kizima wageni na mbwa wao walisimama juu ya kaburi la watu, wakitafuna, wakisema ndiye huyu, ndiye huyu aliyemuua mumewe, fundi viatu.

Halafu nyumbani kukaanza kunukia mkate, asubuhi kweupe, jiko limezimwa. Mume wa Bi Hilary, Desmond, aliyepigwa na kiharusi na asiyeweza kuinuka kitini, alimsifu kwamba siku hizi kawa mpishi. Lakini Bi Hilary hakuwa ameoka kitu. Alikuwa amesikia unga ukipigwapigwa juu ya meza ya jikoni, pap, pap, na aliposukuma mlango hakukuwa na mtu, ila sauti ya mwanamke, karibu na sikio lake, haina hasira hata kidogo:

"Wangu nilimpikia miaka thelathini. Hata tumbo halikumuuma. Wako nitampikia Ijumaa."

Alikimbilia kwa kasisi, Prudence, binti ambaye siku zote alimwona mdogo mno kwa kazi ile. Prudence hakucheka. Alimwambia achome vijitabu vyote, kisha Ijumaa kabla ya saa sita mchana apite vituo vyote sita, na kila kituo aseme kwamba alimsingizia Kezia Lugg.

"Kimoyomoyo?"

"Kwa sauti, Bi Hilary. Si walimtukana kwa sauti?"

"Na kituo cha sita?"

"Najua ni baa. Hata baa."

Vijitabu alivichoma, na Ijumaa akavipita vituo. Kaburini alisema, darajani alisema, kwenye kinu kibovu, kwenye lango la malisho na kwenye zizi aliwaambia kondoo, na kila aliposema ile harufu iliyomfuata tangu nyumbani ilipungua, mpaka akafika baa ya Sallow Green akiwa haisikii kabisa, akaikuta imejaa, kamati nzima ya maua imekaa dirishani, na Colin mwenye baa akamwona kabla hajafunga mlango.

"Jamani, Bi Hilary katembea matembezi yake mwenyewe. Ushamjua muuaji, mama, au nikunong'oneze?"

Wakacheka. Bi Hilary akafungua kinywa, akaona macho yote yale, akafikiri watakavyosema dukani, kwamba maskini, akili imeanza kumruka, naye ndiye mwenyekiti wa kamati mwaka wa ishirini. Akaagiza maji ya limau, na jina la Kezia akalisema ndani ya glasi, chini chini, hata aliyesimama naye bega kwa bega asisikie.

Alipotoka nje harufu ilikuwa imerudi, nzito, ya moto, ikamtangulia njia nzima naye anakimbia na viatu vimejaa matope na mkono umeshika ubavu, ikaingia langoni kabla yake, ikamfungulia mlango, na pale mezani Desmond alikuwa akimega mkate kwa mkono wake mmoja mzima, midomo imeshageuka rangi.

"Yule mama wa aproni kaniletea," alisema polepole. "Anasema wewe unajua kwa nini. Ulimfanya nini, Hilary?"

Akaupiga ule mkate ukaanguka sakafuni. Alisema nili, nili, akaishia hapo, kwa aibu mbele ya mume wake mwenyewe. Desmond alikufa akimtazama, akisubiri.

Polisi alikuja na daftari. Dirisha lilikuwa wazi, na nje kwenye ua Colin na nusu ya baa walikwishajipanga.

"Mkate huu kaoka nani, mama?"

Bi Hilary akawatazama majirani, akafikiri tena watakavyosema dukani. Akanyoosha sketi.

"Mimi," akasema.