Mrija wa Mgeni

Treni ya kwenda Kampala ilikuwa imesimama Malaba. Phoebe alikuwa akipenya katikati ya wachuuzi wa ndizi, amependeza katika gauni lake la maua ya manjano, mara kisigino cha kiatu kikang'oka. Alichechemea hadi ukutani, amekasirika kwelikweli.

"Leta hapa, dada," alisema kijana mmoja mrefu, suruali ikimwishia juu ya vifundo. Akaokota jiwe, akagongomea msumari, kiatu kikasimama.

"Nani alikufundisha kazi ya viatu?"

"Serikali. Miaka mitatu, chakula bure, kitanda bure. Niliiba kahawa ya watu hapa hapa stesheni." Akamtazama usoni. "Sasa kimbia, kama unaogopa."

Phoebe hakukimbia. Chuo kikuu cha Nairobi kilikuwa kimemtuma kuchunguza jinsi wanaotoka jela wanavyopokewa nyumbani, na huyu hapa mmoja wao, jina lake Ochom, mwenye macho ya kucheka. Alijiambia kwamba ni utafiti tu. Utafiti gani huo wa kujipaka poda kila asubuhi!

Katika wiki zilizofuata Ochom alimweleza yote. Kwao Wateso, wazee huzunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu. Asiye na mrija si wa boma hilo. Tangu arudi, baba yake, mzee Oriokot, hakuwa amempa.

"Nakaa nyuma yao kama mbuzi," alisema akicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Phoebe alimshika mkono, na wakakaa hivyo hadi jua likashuka.

Kisha ikaja simu. Alikuwa profesa wake wa Nairobi, na simu ya pale posta ilitaka mtu apige kelele.

"Profesa! Nimempata mfungwa mzuri sana! Huyu atanifaa!"

Alipogeuka, Ochom alikuwa mlangoni na mahindi ya kuchoma aliyomletea. Aliyaweka chini, akatoka. Phoebe alimfuata mbio.

"Ochom, mpenzi, ningemwambia nini?"

"Ungesema jina yangu. Jina niko nayo. Kesho jioni navuka mpaka, naenda Tororo. Huko hakuna mtu ananijua."

Phoebe alilia, kisha akanawa uso. Asubuhi alirudi posta na kumwambia profesa atafute mtu mwingine wa kuandikwa habari zake. Mchana alizunguka akiwauliza akina mama wa Kiteso jambo moja tu. Jioni akaingia bomani kwa mzee Oriokot.

Wazee wakampisha, wakampa mrija wa mgeni. Baba yake Phoebe alikuwa mhubiri kule Namboboto, na binti huyo hakuwahi kuonja pombe. Alivuta, machozi yakamtoka, akameza. Ochom alikuwa nyuma, kifurushi chake kiko tayari. Phoebe akainuka, akampelekea mrija ule ule.

"Ochom, mwana wa Oriokot," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Kunywa."

Mzee akamkazia macho.

"Binti, mwanamke akimpa mwanaume mrija wake mbele ya wazee, unajua anasema nini?"

"Najua, baba. Niliuliza kabla ya kuja. Kazi yangu ni kuuliza."

Mzee alimwangalia mwanawe muda mrefu. Halafu akasogeza kigoda chake pembeni, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana.

"Keti," alimwambia Ochom. "Usimchoshe mke wako kusimama."